Mkono wa Mama Riziki

Harufu ya mihogo iliyoloweshwa huwafukuza wageni, lakini sisi wa Mpofi tulikulia ndani yake: harufu chachu iliyopanda kutoka kidimbwini na kukaa kwenye nguo zetu hata Jumapili. Nilikuwa na miaka kumi. Kanisani nilijulikana kama mtoto asiyekosea, kwa sababu nilikariri mistari ya Biblia bila kukwama, na sifa hiyo niliilinda kuliko chakula. Juma lile Mama alinituma nikaloweshe mihogo michungu, ambayo isipolainika majini hailiki. Nikaiacha kando ya njia siku mbili nzima nikikariri mistari ya toba, ndipo nikaitumbukiza kidimbwini. Aliponituma kuiopoa, ilikuwa bado migumu kama mawe. Karibu yake kulikuwa na kikapu cha Mama Riziki, jirani aliyekimbia vita kutoka Kibabi, huko Masisi. Mihogo yake ilikuwa imelainika. Nikaibadilisha.

Mama Riziki alijua mara moja. "Hii haiko mihogo yangu. Muntu amebadilisha." Wanawake wakacheka. "Weye Mama, watu wa Masisi munajua maharagwe tu! Mihogo inawashinda." Aliposhikilia neno lake, kicheko kikawa hasira: mgeni anawaita wenyeji wezi! Watoto wake walilala na njaa.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, waliokosana husimama mbele ya wote wapatane. Jumapili ile walimsimamisha yeye. "Munisamehe," alisema akitazama sakafu ya udongo, "kama nilisingizia watu." Kisha akamshika mkono kila mmoja wetu. Wangu aliushika kwa mikono miwili. "Uniombee, mutoto wa Mungu." Nikaenda mbele, nikakariri mistari yangu bila kukosea hata neno. Mwezi haukuisha, akahama na watoto wake; watu walisema amerudi Kibabi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi na mitano. Nimetubu kwa Mungu mara nyingi, na ninaamini anasikia, lakini aliyeumia hajasikia. Mwaka jana nilimwambia Mama. "Aa, ilikuwa mihogo tu," alijibu, akaendelea kuchambua maharagwe. Nilitamani anikaripie. Siku zile mabenchi mawili tu yalinitenganisha na Mama Riziki. Leo vita huifunga barabara ya Kibabi mara nyingi kuliko inavyofunguliwa, waliomjua wametawanyika, na sijui hata kama yuko hai, nimwombe msamaha aniambie ndiyo au hapana.