Nyota za Vizibo

Nilirudi Itigi na stashahada niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe, ya kwanza katika ukoo wetu, na boksi la mapambo ya Krismasi kutoka Dar es Salaam. Mama alikuwa kanisani. Mlangoni kwetu zilining'inia nyota za vizibo vya soda na vichwa vikavu vya alizeti, vimefungwa kwa nyuzi za kiroba. Nikavichoma pamoja na takataka, nikatundika taa zangu. Majirani walikuja kushangaa.

Mama aliporudi akauliza, “Nyota ziko wapi, baba?”

“Uchafu ule, mama? Nimeleta za kisasa.”

“Alizitengeneza dada yako kitandani, kabla hajafa.”

Sikuwahi hata mazishi yake. Nilikuwa kwenye mitihani. Nilichakura majivu nikapata vizibo vyeusi. Mama hakunigombeza. Alisema nikanawe, tule.