Nilimnywesha shemeji yangu waini bila yeye kujua, na sasa wote wanamwita mwongo

Admin, tafadhali usiweke jina langu popote, maana watu wengi wa nyumba ya mume wangu wanafuata hii page. Majina ya hapa nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, niko na mtoto mmoja, tunaishi Machakos mjini. Naandika nikiwa nimejifungia chooni hapa kazini kwa sababu sitaki wenzangu waone ninachoandika.

Mume wangu ana kaka yake mkubwa, nimwite Mutua. Mutua alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Miaka mitatu iliyopita alitapika damu akalazwa, na daktari akamwambia mbele yetu sote kwamba ini lake limechoka, akirudia pombe asitarajie kupona. Akaacha. Mke wake, Ndinda, aliyekuwa ametorokea kwao Mwala na watoto, alirudi kwa sharti moja, kwamba siku atakayosikia harufu ya pombe mdomoni mwake ataondoka na hatarudi. Miaka mitatu yote nimemwona yule mtu akinywa chai tu, hata harusini.

Mwezi uliopita tulikutana wote Kalama kwa mama mkwe, tunamwita Mwaitu. Jua lilikuwa kali sana. Mimi ndiye huwa natengeneza vinywaji, na safari hii nilitaka kuwaonyesha sangria niliyojifunza kwenye simu. Unakata embe, nanasi na machungwa vipande vidogo, unaongeza pasheni na tangawizi, unalaza kwenye waini nyeupe mpaka kesho yake, halafu watu wakishakaa ndio unamimina maji ya soda baridi ili inywewe bado ina mapovu. Lakini Mwaitu ni mtu wa kanisa, pombe haiingii kwa boma lake. Kwa hivyo niliandaa mbili. Ya watu wote haikuwa na waini. Ya pili niliificha jikoni bila kumwambia mtu, niwape baadaye vijana waliotoka Nairobi. Kosa langu ni kwamba matunda ya zote mbili niliyabeba kwa ndoo nyeupe zinazofanana.

Jagi la mezani liliisha haraka. Mwaitu akaniita, "Mwana wakwa, mwanangu, watu wana kiu." Nikakimbia jikoni, nikachukua ndoo, nikamimina, nikajaza soda, nikarudisha mezani. Wa kwanza kuinua glasi alikuwa Mutua. Akasema, "Shem, hii imekolea. Niongeze." Nikamwongeza mwenyewe, kwa mkono wangu, nikicheka. Niliporudi jikoni nikafungua ndoo iliyobaki, nikainusa. Ilikuwa matunda tu. Ya waini ndiyo niliyokuwa nimepeleka mezani.

Ningepaswa kusema pale pale. Badala yake nilibeba lile jagi kabla wengine hawajajimiminia, nikisema limeingia nzi, nikalimwaga nyuma ya jikoni. Niliogopa Mwaitu ajue nimeleta pombe kwake. Mutua alinifuata hadi mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniuliza polepole, "Shem, hicho kinywaji kilikuwa na kitu?" Nikamwambia, "Hapana, ni tangawizi hiyo." Akasema, "Sawa. Nakuamini."

Walipokuwa wanaingia kwa gari kurudi kwao, Ndinda alimnusa Mutua. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Umekunywa?" Mutua akaapa kwa watoto wake kwamba hajakunywa. Ndinda akasema, "Umeanza tena kuniapia." Kesho yake akachukua watoto, akaenda Mwala, na mpaka leo hashiki simu yake. Mwaitu halali vizuri tangu siku hiyo. Mume wangu ndiye aliyemsimamia kaka yake wakati wa kuacha, akimpeleka kliniki na kumrudisha. Sasa ananiambia tukiwa mezani, "Heri angekubali tu amekunywa. Uwongo ndio unaniuma. Na nikimjua aliyempa, huyo mtu na mimi tumemalizana." Mimi naendelea kumlisha mtoto.

Kinachonitisha zaidi ni Mutua mwenyewe. Ameanza kutojiamini. Juzi alinipigia akaniuliza kama mtu anaweza kunywa na asikumbuke. Nilisema sijui. Jana mchana nilipita na gari karibu na soko nikamwona amesimama nje ya baa, mikono mifukoni, anaangalia ndani. Sikushuka. Nilimpigia tu, nikamwona akitoa simu mfukoni, nikamuuliza yuko wapi. Akanijibu ukweli. "Niko nje ya baa, shem. Kama wote wanasema nilikunywa, sijui najizuia kwa ajili ya nani." Nilimwomba aondoke hapo, na nikangoja mpaka nikamwona akienda. Sijui leo yuko wapi. Kila simu ikilia nadhani ni hospitali.

Jumapili wazee wa ukoo wanakaa kwa Mwaitu, na Ndinda atakuja na wazazi wake na watoto. Asubuhi hii Mutua ameniandikia ujumbe kwamba amechoka kubishana. Atasimama akubali alikunywa, aombe msamaha, labda Ndinda atarudi. Ameniomba nikae karibu naye kwa sababu, amesema, mimi peke yangu sijamtazama kama mlevi.

Nikisema ukweli, mume wangu atajua nimemdanganya mwezi mzima huku kaka yake akizama, na sidhani nitabaki kwa hiyo nyumba. Nikinyamaza, mtu asiye na hatia atakiri mbele ya watoto wake, na naogopa akishatoka hapo ataenda moja kwa moja kunywa, na daktari alishasema. Najua wengi mtanitukana na ninastahili. Ila kabla ya Jumapili, naombeni mnisaidie kufikiria. Nianzie kwa nani, mume wangu, Ndinda au Mutua mwenyewe? Na ninawaambiaje?