Turbo yangu imeita mbuzi za Mama

Leo mbuzi kumi na moja zimenifungia barabara, na kosa ni la turbo.

Wiki hii fundi wa Embu alinifungia turbo kwa ile gari yangu ya mbio ya milango miwili. Leo nikaileta nyumbani Kiritiri, Mama aione. (Mama ndiye aliniambia heri ningenunua ng'ombe.)

Karibu na geti nikakanyaga mafuta, nikaachilia, turbo ikalia.

Stu-tu-tu-tu-tu.

Tamu ajabu. Nikarudia.

Halafu nikaona vumbi kule kichakani, upande wa mtoni. Mbuzi zote za Mama zinakuja mbio.

Nilikuwa nimesahau. Mama huziita kula hivyo hivyo, tu-tu-tu-tu, tangu nikiwa mtoto.

Zikazunguka gari. Moja ikapanda boneti, ikanitazama kama mtu aliyeahidiwa mahindi. Gari ya mbio, na siwezi kusonga hata kidogo.

Mama akatoka jikoni akicheka hadi akashika ukuta.

"Kumbe hii kitu iko na kazi," akasema. "Kesho jioni upite tena. Siku hizi sauti yangu haifiki kule mtoni."

Nitapita.

Jameni, kuna mwingine hapa aliyefunga turbo akaishia kuchunga?