Chungu cha Kutemea Waini

Nawaambia hii, lakini mkicheka kwa sauti naachia hapo hapo, maana aibu yenyewe bado haijakauka.

Mwanijua, mimi nikishika jambo silishiki nusu. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanaalikana wikendi, wanafungua waini za bei nafuu chupa baada ya chupa, wanaonja, wanatema, wanaamua ipi tamu, basi nami nikawaita Akinyi na Robi, walimu wenzangu, waje kwetu Rongo, mume wangu Ochieng' akawa anachoma nyama nyuma ya nyumba, na Jumamosi ikaanza vizuri kabisa (ile ya bei ya chini kuliko zote ndiyo ilikuwa tamu, hebu fikiria!). Shida ikawa pa kutemea. Beseni la kufulia lilikuwepo, lakini nikaona litaharibu picha, na kwa ukaidi wangu nikachukua chungu changu kipya cha maji, nikakiweka katikati ya viti. Tukatema humo mchana kutwa.

Mara hodi! Baba mkwe, kutoka Magunga, bila hata kupiga simu. Na huyo mzee ndiye tuliyekuwa tukimngojea: miaka yote tumepanga nyumba, tunataka boma letu, na kwetu Wajaluo hufungui boma mpaka baba mzazi aje mwenyewe akuonyeshe mahali, na yeye alikuwa hajasema ndiyo wala la. Wenzangu wakatoroka kwa mlango wa nyuma na glasi zao (walimu hao!), nikamkalisha mzee, nikakimbilia jikoni kupika chai.

Kurudi, namkuta ameshachota glasi nzima kutoka chunguni, anamalizia.

"Nyar Asumbi," akaniambia, yaani binti wa Asumbi, kwetu nilikozaliwa, uso umechangamka, "kumbe uko na heshima hivi! Pombe ya kong'o kwa chungu, kama wazee wetu! Na imeiva. Mwambie Ochieng' nitakuja niwafungulie boma."

Ningenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi gani? Lakini Akinyi, ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuwa anachungulia dirishani, akapiga yowe: "Uwi! Robi, kuja uone, mzee amekunywa mate yetu!"

Mzee akaitazama glasi. "Mate ya nani?"

Nikaanza kueleza eti watu wa waini huonja wakatema, na kila nikieleza nazidi kuzama, mpaka nikajisikia nikisema, "Lakini ni mate ya walimu, Baba." (Mungu wangu!) Akachukua kofia yake akatoka, nyama hata hakuigusa. Ochieng' akaninunia wiki nzima, na Akinyi, bila haya, akasema kosa ni langu, ningeandika kwa chungu kwamba ni cha kutemea. Niandike! Kwa chungu!

Tukaenda Magunga kuomba msamaha, na jogoo mkononi. Mzee akatusikiliza, akasema, "Nilishasema nitakuja, nitakuja."

Na kweli alikuja, akatuonyesha mahali, akatubariki, nikalia kwa furaha. Kisha ukoo wote umeketi, nikampelekea chai kwa mikono miwili, akanitabasamia vizuri tu, akafungua mfuko wake, akatoa thamosi aliyoibeba kutoka kwake, na kikombe chake mwenyewe, akajimiminia mbele ya kila mtu. Mpaka leo akija kwangu huja nayo.

Mimi siku hizi nikionja kitu, hata kiwe kichungu vipi, nameza.