Flashi Isiyoongea na Kamera

Mjane alinishika mkono kabla sijatoa hata kifuniko cha lenzi. Tulikuwa nyuma ya jiko la matanga, sufuria zikifuka moshi, na yeye alikuwa bado amevaa malapa, viatu vyake vyeusi vimewekwa kando juu ya gazeti visichafuke. Aliniuliza kwanza kama kweli mimi ndiye mpiga picha, maana alitarajia mwanamume. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama toka juu hadi chini, kisha akasema kilichomfanya anitafute.

"Hizo zingine piga vile unataka. Mimi nataka moja tu. Vijana wangu wawili, nyuma yangu, hapo karibu na baba yao. Hata kama ni dakika moja."

Nilimjibu "sawa mama" kwa wepesi ambao mpaka leo unaniudhi. Sikujua nilichokuwa nakubali. Nilikuja kuambiwa na mwanamke aliyekuwa akimenya viazi, bila hata kumuuliza, kwamba vijana hao hawajasimama mahali pamoja kwa miaka sita. Ugomvi ulikuwa wa shamba, mpaka upite wapi. Mkubwa anaishi Nakuru mjini, mdogo alibaki nyumbani. Baba yao alipolazwa walikuwa wakimtembelea kwa zamu ili wasikutane wodini. Hata siku hiyo ya mazishi walikuwa wamekaa pande mbili tofauti za hema, na watu wote wa pale Sachangwan waliokuja walikuwa wameona na wamenyamaza.

Mtu wa mbali anaweza kujiuliza picha moja ina uzito gani. Kwetu ina uzito. Kabla ibada haijaanza, jeneza huwekwa mbele ya watu, na MC huita makundi kwa kipaza sauti: mjane na watoto, wajukuu, wakwe, ndugu za marehemu, akina mama wa kanisa, mpaka majirani. Kila kundi linasimama, mpiga picha anapiga, linaondoka. Picha hizo hukaa kwenye albamu na zinapotazamwa, hata baada ya miaka kumi, jambo la kwanza ni kuhesabu nani alisimama na nani hakuonekana. Mama huyo alikuwa anajua atahesabiwa watoto wangapi.

Hapa lazima nieleze vifaa vyangu, maana dhambi ilianzia huko. Kamera yangu nilinunua ikiwa imeshatumika, na ni nzuri. Flashi yangu ni ya bei ya chini. Chini yake ina kipini kimoja tu cha chuma, wakati flashi za wenye pesa zina vinne au vitano. Mzee aliyenifundisha kazi, mwenye studio ndogo mjini, alikigusa kipini hicho siku ya kwanza na kusema, "Hii flash yako ni bubu. Inawaka ikiambiwa, lakini haiongei na kamera. Ukiwa nayo hapo juu, wewe ni M mpaka nyumbani."

M ni mojawapo ya herufi zilizo kwenye kigurudumu cha juu ya kamera. Ukiwa kwenye M, kila kitu unapanga mwenyewe: upana wa tundu la lenzi, na kasi ambayo kamera inafungua na kufunga. Kwenye A, wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi kulingana na mwanga inaouona. Mimi naipenda A. Kule juu kuelekea Molo wingu linaweza kufunika jua na kulifunua mara tatu kabla hujamaliza kupiga shada moja la maua, na A inakufuatia mabadiliko hayo yote bila wewe kuhangaika. Mzee alikuwa akinicheka kwamba napenda kubebwa. Nilikuwa nakasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi asubuhi hiyo nilipiga kila kitu kwa A. Waombolezaji wakishuka barabarani, malori yakipanda mlima nyuma yao, kwaya, mashada, mbwa aliyelala chini ya meza ya programu. Picha zilikuwa safi na nilianza kujisikia mtu.

MC akaita mjane na watoto.

Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kitambaa cheupe, jeneza likiwa mbele yake kidogo. Mdogo alikuja mara moja, akasimama nyuma ya kiti upande wa kushoto, mikono mfukoni. Mkubwa hakuinuka. Alikuwa anasoma programu ya mazishi kana kwamba kuna habari mpya ndani. MC alirudia, safari hii kwa sauti ya kubembeleza. Nikasikia lori likibadilisha gia kule barabarani. Mama hakugeuza kichwa.

Mkubwa akakunja programu, akainuka.

Nilikimbia. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nimeahidi na mwenyewe alikuwa anakuja kwa miguu yake, na niliogopa kwamba nikichelewa sekunde mbili atabadilisha nia. Chini ya hema kulikuwa na giza, turubai lilikuwa la buluu nzito, na nyuma yao upande uliofunguliwa ulionyesha shamba la viazi likiwaka jua. Bila flashi nyuso zao zingetoka kama makaa. Hilo nililifikiria sawasawa. Nikatoa flashi kwenye mfuko, nikaichomeka, nikaiwasha. Kigurudumu sikukitazama kabisa.

Waliacha nafasi katikati yao ambayo mtu wa tatu angetosha. Niliwaomba wakaribiane na hakuna aliyesogea. Mama, bila kugeuka, alisema "Sogeeni," wakasogea nusu hatua kila mmoja. Nikapiga mara tatu. Flashi iliwaka kila mara. Nilitupa jicho kwenye skrini, jua lilikuwa limeipiga, nikaona vichwa viwili vyenye mwanga, nikasema lile neno tunalosema sisi wote wa kazi hii.

"Imetoka."

Mama alifumba macho na kuniambia asante. Mkubwa alikuwa ameshaondoka.

Wajukuu walipokuwa wakipangwa kwa urefu, nilikinga skrini kwa karatasi ya programu nitazame vizuri. Juu ya picha walikuwa wanaume wawili wenye suti, nyuso zimetoka, hata vifungo vinaonekana. Kuanzia viunoni kwenda chini kulikuwa na giza. Lilikuwa limekatwa sawa kwa mstari, mtu angedhani limepigwa rula. Ndani ya giza hilo kulikuwa na mama, kiti chake na jeneza. Nikafungua ya pili. Nikafungua ya tatu. Chini ya kila moja kulikuwa na namba ya kasi, na ilikuwa mia tano, yaani sekunde moja igawanywe mara mia tano.

Nilijua mara moja, na ndiyo maana niliona aibu kuliko mtu asiyejua. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili. La kwanza linafungua dirisha, la pili linafuata kulifunga. Kasi ikiwa mia mbili kushuka chini, kuna nukta ambapo dirisha lote liko wazi, na flashi inawaka hapo. Kasi ikizidi, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na flashi ikiwaka inakuta sehemu ya dirisha imeshafunikwa. Flashi yenye vipini vingi ingeionya kamera isivuke mia mbili. Yangu ni bubu. Kamera iliona shamba la viazi linavyong'aa, ikajichagulia mia tano, na mimi nilikuwa nimeiachia ichague.

Nakiri kwamba wazo la kwanza halikuwa la kusema ukweli. Nilikuwa na picha nyingine ya mama akiwa kwenye kiti hicho hicho, aliyopigwa dakika kumi kabla. Kwenye kompyuta ningemkata na kumbandika mbele ya wanawe, na jeneza pia. Nimeshawahi kuifanyia familia moja kazi ya namna hiyo, waliotaka ndugu yao wa ng'ambo aonekane, na hakuna aliyegundua. Nikajiambia kwamba walisimama kweli, kwa hiyo si uongo. Nikajiambia tena. Wajukuu walikuwa wamepangika na wananitazama, na kutoka pale nilipokuwa nilimwona mama akinyoosha kitambaa cha kiti, mtu aliyepumzika kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alikuwa amepumzika kwa sababu mimi nilisema imetoka.

Nilizungusha kigurudumu mpaka M. Niliwapiga wajukuu, kisha nikaenda kuchuchumaa kando ya kiti chake.

Huku kwetu husemwa picha imekataa, kana kwamba picha ina kichwa chake na iliamka vibaya. Neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nilimwambia kwamba nimeiharibu ile picha, kwamba kosa ni langu, na kwamba yeye haonekani.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Basi enda uwaambie," alisema. "Mimi sina nguvu ya kuwaomba mara ya pili."

Nilianza na mdogo, kwa woga. Aliniuliza kama mkubwa amekubali. Nikasema bado sijamuuliza. Akasema yeye hana shida, mwingine akija naye atakuja, ila hatasimama pale peke yake tena watu wamwangalie. Mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia na alikuwa ananitazama vibaya.

Mkubwa alikuwa kando ya gari lake, simu mkononi. Nilipita mbele ya hema lote kumfikia, na najua kila mtu alikuwa anahesabu hatua zangu.

"Madam, si umeshapiga?"

Nikamwambia nilipiga na nikaharibu. Aliniomba aone. Hakuna mpiga picha anayependa kuonyesha uchafu wake, lakini nilimpa kamera. Aliitazama kwa muda, akaileta karibu na uso, akaizungusha kuitoa kwenye jua.

"Mathe ako wapi hapa?"

"Mama hayuko," nikasema. "Ndiyo nimekuja kukuomba."

Aliendelea kushika kamera yangu, na mimi nilikuwa nafikiria kwamba ataitupa. Halafu akauliza, bila kutaja jina la mdogo wake, "Na yeye amesema aje?"

"Amesema ukikuja atakuja."

Alinirudishia kamera, akatia simu mfukoni na kuanza kutembea. Nilimfuata nyuma nikibadilisha namba kwa kidole gumba: kasi mia moja sitini, tundu namba nane, flashi nusu ya nguvu. Nilizisoma mara mbili. Nikazisoma tena.

Walisimama. Nikapiga, na mdogo akafumba macho. Betri zangu zilikuwa zimechoka na flashi ikaanza kulia ule mlio wake mwembamba wa kujijaza. Taa nyekundu ya nyuma, ile ya kuonyesha kwamba imejaa, haikuwaka. Nilisema tungoje kidogo. Sekunde zile zilikuwa ndefu mno, hema zima limetulia, mchungaji amesimama na kidole ndani ya Biblia, na ndugu wawili hawana pa kuelekeza macho. Niliona taya la mkubwa likikaza na nikajua anaondoka.

Mama alipeleka mikono nyuma bila kugeuka. Alipapasa mpaka akapata mkono wa mmoja, kisha wa mwingine, akaivuta yote miwili akaiweka mabegani mwake na kuishikilia hapo. Taa nyekundu ikawaka. Nikapiga.

Safari hii nilichuchumaa chini ya meza ya mashada, kwenye giza, nikatazama picha kona kwa kona kabla ya kufungua mdomo. Wote walikuwepo. Ndipo nikasema imetoka.

Wenyewe hawakusemezana. Nilipiga picha wakitupa udongo, mmoja upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, na jioni waliondoka bila kuagana.

Wiki mbili baadaye mama alikuja Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, kwenye chumba ninachokiita studio, kuchagua za kuchapisha. Nilimwonyesha ile nzuri kwanza. Aliitazama mikono ile mabegani mwake akatikisa kichwa polepole, akasema ni sawa, ni sawa kabisa. Nikaendelea kupitisha zingine, na kwa kuwa sikuwa nimezifuta, zile mbovu zikajitokeza. Nilipitisha haraka.

"Rudisha hiyo."

Nikarudisha. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. Nilianza kuomba msamaha upya, nikieleza habari za mapazia, naye akanyoosha kiganja ninyamaze.

"Hapa baba yao hayuko," alisema. "Na mimi pia siko."

Nikasema ndiyo, mama, pole.

"Na bado wamesimama pamoja."

Alikaa hapo, mkoba magotini, akiwatazama. Kisha akaniambia ile ya mikono nimchapishie ya kawaida ya albamu. Hii ndiyo anataka kubwa, ya ukutani, na nisiguse hilo giza.