Insha ya Kuba Moja

Juzi, katika soko la Ndama, nilimwona kijana akijitapa kwamba ataandika historia ya majumba yote ya kale duniani. Nikamkumbuka mwalimu wetu, aliyejifanya bahari ilhali hata dimbwi hakulifikia. Kanzu yake ilinukia karafuu. Nami nikadhani ndiyo harufu ya elimu.

Siku moja alitutaka tuandike insha kuhusu majengo ya kale. Bibi yangu, mzaliwa wa Kilwa, aliniambia huku akimenya ndizi, “Chagua kuba moja la msikiti wetu wa Kilwa, mjukuu wangu. Dunia nzima hutaimaliza.” Nikaandika juu ya kuba la matumbawe, yale mawe ya baharini, nikiamini yametoka matumboni mwa samaki.

Mwalimu aliichana. “Kuba moja! Hiyo nayo ni historia?”

Mzungu wa serikali alipotutembelea, mwalimu alimsomea insha yake mwenyewe, ya dunia nzima. Mzungu akauliza, “Na msikiti wa Kilwa umeezekwa kwa kitu gani?”

“Kwa majani ya migomba, bwana mkubwa.”

Bibi, aliyeniletea chakula, aliangua kicheko dirishani. Mwalimu akainama mpaka kilemba kikaanguka. Nilidhani ni adabu. Kumbe alikuwa akitafuta pa kuuficha uso.