Nyanya Niliyemrudisha Mlangoni

Kila Jumatano kanisa letu mjini Machakos huwalisha wasio na chakula, na kwa muda mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Mwaka huo muthokoi, mahindi ya kukobolewa tunayopika na maharagwe, ulikuwa hautoshi. Kamati iliniambia nisiwaruhusu wanaojiweza.

Siku moja akafika nyanya mmoja, gauni limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkoba begani.

"Susu," nikamwita, kama tunavyowaita nyanya zetu, "hii chakula ni ya watu wenye hawana."

Nilipaza sauti makusudi. Nilitaka foleni nzima ijue kwamba mimi sidanganywi.

Hakubishana. "Haya, mwanangu," akasema, akageuka na kuondoka polepole, kama mtu anayejua anatazamwa. Wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka nao.

Mpishi wetu alikuwa amemwona kupitia dirisha. Akatoka mbio, mwiko mkononi, lakini nyanya alikuwa amekwisha kuingia barabarani.

"Umemwambia nini?"

Nikamweleza. Akaniangalia mpaka nikainamisha macho.

"Huyo ndiye alianza hii jiko," akasema. "Hakukuwa na kamati. Hata sufuria ilikuwa yake."

Wakati wa ukame mmoja wa zamani, nyanya yule alikuwa akibeba maharagwe ya ghala lake kutoka kwake Kalama, anawasha moto nyuma ya kanisa na kuwapikia wabeba mizigo wa sokoni. Mpishi, wakati huo msichana wa kubeba magunia, alikuwa mmoja wao.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Kalama na pakiti mbili za unga. Mahindi yake yalikuwa yamekauka yangali mafupi. Jikoni hapakuwa na moto, na ilikuwa saa saba mchana. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye ndoo.

"Nisamehe, susu. Sikujua ni wewe."

"Na kama singekuwa mimi?"

Hakuuliza kwa hasira. Nikamsogezea zile pakiti. Akaupokea unga kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea safari njema. Afadhali angenitukana.

Niliomba kutolewa mlangoni. Siku hizi naosha masufuria. Nyanya hajarudi kanisani siku ya Jumatano. Mpishi humpelekea chakula mwenyewe, hata mvua ikinyesha. Hajawahi kunituma mimi, na sijathubutu kujitolea.